KATIKA MCHEZO WA VIJANA ASIACHWE MTU PEMBENI

Ukurasa huu umezoea kusema juu ya mambo mazito: malezi, ndoa, kazi, na amani ya nyumba zetu. Leo twataka kusema juu ya mchezo. Pengine baba mmoja atalikunja gazeti na kusema, "Mhariri ameishiwa maneno." La, hatukuishiwa. Twasema juu ya mchezo kwa kuwa tumeona kijana akipotea kwa sababu ya mchezo; na aliyempoteza si mwingine ila mwandishi wa maneno haya.

Nilikuwa mwanafunzi wa seminari kuu, nimekuja nyumbani likizo. Paroko akanikabidhi vijana wa parokia kila Jumapili alasiri: vijana 20, wa miaka 12 hata 16. Siku ya kwanza nikapanga viti 19 kwa duara. Mimi nikapiga ngoma, vijana wote wakavizunguka viti. Ngoma inyamazapo, kila mtu akae. Asiyepata kiti atoke, na kiti kimoja kiondolewe. Wa kwanza kutoka alikuwa mvulana mwembamba, mpole wa maneno, ambaye siku hiyo ndiyo kwanza aje. Akaenda kukaa chini ya mwembe. Sisi tukaendelea kwa shangwe kubwa. Mchezo ulipokwisha nikatazama mwembeni, hakuwapo. Jumapili iliyofuata hakuja. Nikawauliza wenzake, nao wakanijibu, "Amesema yeye hajui kucheza."

Neno hilo lilinichoma. Baadaye nikakaa na kalamu nikafanya hesabu. Vijana 20 na viti 19: mchezo una mizunguko 19 mpaka abaki mshindi mmoja. Aliyetoka katika mzunguko wa kwanza hukaa akitazama mizunguko 18. Ukijumlisha nafasi za kucheza za vijana wote katika mizunguko hiyo, utapata 380. Na ukijumlisha zile walizokaa kitako wakitazama, utapata 171. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya mchezo wetu haukuwa mchezo, ulikuwa kungoja. Tena waliongoja zaidi ni wale wazito wa miguu, waoga na wageni, yaani wale waliohitaji mchezo kuliko wote. Yule mwenye nguvu, aliyekuwa na rafiki wengi tangu hapo, ndiye aliyecheza mpaka mwisho.

Hilo ndilo somo letu la leo. Mchezo wa kikundi cha vijana hauna budi kupimwa kwa yule wa mwisho, wala si kwa yule wa kwanza. Paka akicheza na panya, ni paka peke yake anayeuita mchezo.

JE, MCHEZO NI KUPOTEZA WAKATI?

Kabla ya kuendelea yatupasa kuwajibu wazazi wanaosema kwamba kijana ajifunze kazi na sala, mchezo utamharibu. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, hakuona haya kuuliza katika kitabu chake kikubwa cha teolojia kama katika mchezo kwaweza kuwa na fadhila. Akajibu kwamba kwaweza, maana roho huchoka kama mwili uchokavyo, na pumziko lake ni furaha. Akasimulia habari ya zamani juu ya Mtakatifu Yohane Mwinjili. Watu walichukizwa walipomkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde mkononi, atupe mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamwuliza kama aweza kuendelea hivyo pasipo kukoma. Yule akajibu kwamba upinde utavunjika. Basi, akasema Yohane, ndivyo ilivyo na roho ya mtu isiyolegezwa kamwe.

Mtakatifu Tomaso hakuishia hapo. Alisema kwamba kucheza kupita kiasi ni kosa. Lakini alisema pia kwamba mtu asiyependa furaha yoyote, na anayewazuia wenzake wasifurahi, naye akosa. Wazazi wengi wameisikia sehemu ya kwanza. Ya pili hawakuisikia.

MWALIMU WA TORINO

Kuna padre mmoja aliyeyafahamu mambo haya kuliko wengi. Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, huko Italia ya kaskazini. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo sana, na mama yake aliwalea wanawe katika umaskini. Alipokuwa mvulana alijifunza kutembea juu ya kamba na kufanya viini macho, akiwakusanya majirani watazame. Na kiingilio hakikuwa fedha, kilikuwa kusali pamoja naye. Alipopewa upadre mwaka 1841 alikwenda mji wa Torino, ambako vijana wengi walikuwa wametoka mashambani kutafuta kazi. Aliwaona mitaani, akawaona hata gerezani. Akaanza kuwakusanya siku za Jumapili kwa mafundisho na kwa michezo. Kwa miaka kadhaa hawakuwa na mahali pa kudumu, walihamahama, mpaka mwaka 1846 walipopata banda duni katika mtaa wa Valdocco. Alifariki mwaka 1888, na Kanisa likamtangaza mtakatifu mwaka 1934.

Lakini twapenda kutaja zaidi barua yake aliyoiandika kutoka Roma mwezi wa Mei mwaka 1884, alipokuwa mzee. Anasimulia ndoto. Kwanza aliona uwanja wa zamani: vijana wanakimbia, wanaruka, wanacheka, na mapadre na walimu wamo katikati yao. Kisha akaona uwanja wa siku zile: wengine wanacheza, lakini wengi wamesimama peke yao, wameegemea nguzo, nyuso zao zimejaa uchovu. Na walimu je? Walikuwa wakitembea pamoja wakizungumza wao kwa wao. Mzee huyo alielewa mara moja ugonjwa uko wapi. Akawakumbusha kwamba haitoshi kuwapenda vijana. Yafaa vijana wenyewe wajue kwamba wanapendwa, na hawatajua mpaka mkubwa apende vitu wanavyovipenda wao.

Tazama, basi: katika uwanja uliojaa watu, yeye hakumtazama mfungaji wa mabao. Alizitazama nguzo.

KANUNI YAWEZA KUBADILIKA

Kiongozi mmoja atasema, "Lakini hivyo ndivyo mchezo ulivyo, sikuutunga mimi." Kweli, hakuutunga yeye, ila aliutunga mtu. Mwezi wa Desemba mwaka 1891, katika mji wa Springfield, huko Marekani, mwalimu James Naismith alipewa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alijaribu michezo ya nje ndani ya nyumba, ikawa fujo na kuumizana. Ndipo alipofikiri: watu huumizana kwa kuwa wanamkaba anayekimbia na mpira, basi, mwenye mpira asikimbie nao. Tena wanaupiga mpira kwa nguvu kwa kuwa goli liko chini mbele yao. Basi, goli liwekwe juu, ili ustadi ushinde nguvu. Akapigilia kwenye ukingo wa roshani vikapu viwili vya matunda, akaandika kanuni 13, akagawa vijana tisa upande huu na tisa upande huu. Hivyo ulizaliwa mpira wa kikapu. Miaka minne baadaye, 1895, katika mji wa Holyoke ulio karibu na hapo, William Morgan aliona kwamba mchezo huo ni mzito kwa watu wazima aliowafundisha. Akafunga wavu katikati, asiguswe mtu na mtu, na mpira wa wavu ukapatikana.

Michezo hiyo miwili, inayochezwa leo ulimwenguni kote, ilitungwa kwa sababu mwalimu aliwatazama watu aliokuwa nao, akaibadili kanuni kwa ajili yao. Nasi twaweza.

MICHEZO MICHACHE YA KUJARIBU

Hatutaki kuwaacha viongozi na maneno matupu. Hapa kuna michezo isiyohitaji fedha, tena haimtoi mtu.

1. Visiwa. Huu ni ule mchezo wa viti uliogeuzwa. Chora mchangani miduara minane. Ngoma inalia, vijana wanatembea huku na huko. Ngoma ikinyamaza, kila mtu asimame ndani ya kisiwa. Kila mara futa kisiwa kimoja, lakini usimtoe mtu. Mwishowe wote hawana budi kujibanza katika visiwa viwili au vitatu, wakishikana mikono wasianguke nje. Mwenye nguvu, aliyezoea kumsukuma mwenzake, sasa anamvuta ndani. Wavulana wawe na visiwa vyao na wasichana vyao, ili heshima ilindwe.

2. Kombolela. Watoto wetu waujua. Kopo huwekwa katikati ya uwanja. Mmoja alilinda, wengine wanajificha. Anayeonwa hutekwa. Lakini akitokea mmoja ambaye hajaonwa, akalifikia kopo na kulipiga teke, mateka wote wako huru. Kila mahali wana kanuni zao, bali tamu yake ni hiyo moja: mara nyingi anayewaokoa wengine ni yule mdogo ambaye hakuna aliyekumbuka kumtafuta. Jina lenyewe latukumbusha kukomboa. Katekista mwenye akili hatakosa la kusema baada ya mchezo huo.

3. Rede. Wawili husimama pande mbili na mpira wa matambara, wakiwarushia walio katikati, nao hukwepa. Anayepigwa hutoka. Badili neno moja tu: anayepigwa asiende kukaa, ahamie kwa warushaji. Hapo warushaji wataongezeka, kazi ya kukwepa itakuwa ngumu zaidi, na hakuna atakayekaa bure.

4. Kipofu na mwenzake. Wawili wawili. Mmoja hufungwa kitambaa machoni. Mwenzake humwongoza kwa sauti tu, bila kumgusa, kati ya makopo na matofali yaliyotawanywa uwanjani. Kisha wabadilishane. Chagua mahali pasipo mashimo wala miiba. Baadaye waulize: ilikuwaje kumsikiliza mwenzako peke yake? Tumesikia majibu mazuri kuliko ya darasani.

5. Mbio za ndimu. Makundi ya watu sita. Kila mmoja abebe ndimu juu ya kijiko mpaka kwenye mti na kurudi, amkabidhi mwenzake. Ikianguka, aiokote hapo hapo aendelee. Mwenye mbio nyingi huangusha, mtulivu hufika. Hapa wasio wepesi wa miguu hupata siku yao.

6. Kuvuta kamba. Mchezo huu ulikuwamo hata katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1900 hata 1920. Wafaa sana, maana mnene anayechekwa kwenye mbio hapa hugombewa. Lakini jihadharini: kamba iwe nene, tena asiwepo hata mmoja atakayeizungusha mkononi au kiunoni, kwa kuwa ikivutwa ghafula yaweza kuvunja vidole.

7. Vitendawili na bao, kwa siku ya mvua. "Kitendawili!" "Tega!" Gawanya makundi, na kila kundi lipewe mzee mmoja wa kulisaidia. Wakishindwa watoe mji, kama desturi. Na ubao wa bao, wenye mashimo yake 32 na kete zake 64, waweza kuchezwa na wawili kila upande wakipokezana na kushauriana. Kijana mkimya aliyeshindwa na mpira huonekana hapo kuwa na akili ya hesabu iliyowapita wote, na babu aliyeketi pembeni hupata mwanafunzi.

MAONYO KWA VIONGOZI

Kwanza, msiwaache manahodha wawili wachague watu mmoja mmoja mbele ya wote. Kijana anayesimama mpaka wa mwisho, huku pande zote mbili zikimkataa, huyakumbuka hayo hata akiwa na ndevu. Wahesabu: moja, mbili, moja, mbili, wa moja huku, wa mbili kule. Imekwisha, na hakuna aliyeaibishwa.

Pili, kiongozi acheze. Asisimame na filimbi kivulini akizungumza na wakubwa wenzake. Na awatazame walio pembeni kabla ya kuwatazama walio katikati. Tena wasimamizi wawe wawili au zaidi, watu wazima wanaojulikana na wazazi, na michezo ifanyike mahali peupe panapoonekana na wote.

Tatu, acheni wakati bado wanataka. Mchezo ukivunjwa vijana wakiwa na hamu, watarudi Jumapili ijayo. Ukivutwa mpaka wachoke, utaishia katika ugomvi. Wala msiruhusu fedha iwekwe juu ya mchezo. Zawadi ikiwapo, iwe ya kuliwa na wote, kama miwa au ndizi, na washindi ndio wapewe heshima ya kuigawa.

Nne, kama yupo kijana mlemavu, msimpe tu kazi ya kuhesabu mabao mkadhani mmemtendea wema. Mwulizeni yeye mwenyewe aweza nini, kisha mtafute mchezo unaofaa. Kijana asiyeona atawashinda wote katika mchezo wa kipofu na mwenzake.

Hatusemi kwamba kushindana ni kubaya. Mechi ya mpira kati ya kigango na kigango ina mahali pake, na kijana hana budi kujifunza kushindwa bila kununa. Lakini kushindwa pamoja na wenzako, ungali uwanjani, ni jambo moja. Kuambiwa utoke ukakae ni jambo jingine. La kwanza humkomaza mtu. La pili, likirudiwa, humfundisha kwamba nafasi yake ni pembeni.

NENO KWA WAZAZI

Baba na mama, nanyi mna sehemu yenu. Tazameni Jumapili alasiri ni nani anayetoka nyumbani kwenda uwanjani. Mara nyingi ni mvulana. Dada yake yuko jikoni, au kisimani, au ana mdogo wake mgongoni. Kisha twauliza kwa nini vikundi vya vijana vina wasichana wachache! Binti huyo ametolewa katika mchezo kabla haujaanza. Hatusemi asifanye kazi. Twasema kazi ya Jumapili igawanywe, kaka naye achote maji, ili wote wawili wapate saa mbili za kuwa vijana.

Tena mnalalamika juu ya simu, kwamba vijana wameinama juu yake mchana na usiku. Mna haki ya kulalamika. Lakini fikirini jambo hili: simu haimwambii mtu atoke akakae chini ya mwembe. Yule ambaye uwanja umemkataa, simu humpokea, wala haimwulizi kama ana mbio. Tukitaka aiweke chini, hatuna budi kumwonyesha mahali pengine anapongojwa. Kumnyang'anya peke yake hakutoshi.

Na yule mvulana wa chini ya mwembe? Likizo ile ilikwisha, nikarudi seminarini, wala sikwenda kwao kubisha hodi. Hilo ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Maana kupanga viti vibaya ni ujinga, bali kujua kwamba mtu amekosekana na kutomfuata ni uvivu wa moyo. Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaowaongoza vijana Jumapili hii: kabla hamjapiga filimbi, zungusheni macho pembezoni mwa uwanja. Mkimwona aliyesimama peke yake, anzeni mchezo kwake. Na mkikumbuka mmoja ambaye haji tena, michezo ikiisha msiende nyumbani moja kwa moja. Piteni kwao.